Parabrizi imepasuka: ninunue ndefu zaidi, au bibi yangu ana haki?

Yaya, jambo sana.

Mimi ni msomaji wako wa hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba. Kazi yangu ni kufunga pampu za maji, na kazi hiyo inanipeleka Likasi, Fungurume, pengine mpaka Kolwezi. Natembea na pikipiki kubwa ya safari, Suzuki V-Strom 650 ya mwaka 2012, niliyoinunua kwa mtu aliyeileta kutoka Afrika Kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Mwisho wa mwezi bibi yangu, mama wa watoto wangu, anapanda nyuma twende kuwasalimu wazazi wake Likasi.

Yule aliyeniuzia alikuwa ameshatoa parabrizi ya kiwanda, kile kioo cha plastiki cha mbele kinachokinga upepo, akaweka nyingine, ndefu, isiyo na jina wala alama ya mtengenezaji. Mimi si mrefu, nina mita 1.68, na nikikaa ukingo wake wa juu unanifika kwenye paji la uso. Barabara naiona kwa kupitia ndani yake. Sikuona ubaya, nilisema ndiyo kazi ya parabrizi.

Sasa imepasuka. Nilikuwa narudi mjini kutoka Likasi, nyuma ya kamyo la madini, jiwe likaruka likapiga upande wa kulia, chini. Kipande kimoja kilianguka palepale, na ufa ukapanda mpaka karibu na skrubu. Nimeufunga kwa skochi, ule utepe wa kunata, lakini najua skochi haifiki mbali.

Kabla sijanunua nyingine nataka niponye na ugonjwa wa zamani. Kuanzia kilomita 80 kwa saa kaske yangu, kofia ya pikipiki, inatikisika mpaka vibao vya barabarani vinacheza machoni, na nikifika nyumbani shingo inauma. Mimi nimefikiri upepo unapita juu ya parabrizi na kunipiga kichwani, kwa hiyo dawa ni kuongeza urefu. Bibi yangu anabisha. Anasema kule nyuma upepo unampiga makofi kushoto na kulia, vumbi linamjaa mgongoni na kifuani, na kwamba angependa hicho kioo kiondolewe kabisa. Tumebishana mpaka wakwe wameingilia. Mimi namwambia aliyekaa nyuma haoni mbele. Jambo moja tu linanishangaza: nikisimama kidogo kwenye vikanyagio, kelele inakuwa nyingi lakini kichwa kinatulia. Sijui maana yake, nakuambia tu.

Mjini nimepata njia tatu. Duka moja la Bel-Air lina parabrizi ndefu nyeusi, ya kufaa pikipiki zote, inafungwa kwenye usukani kwa vyuma vyake. Wanataka dola 160. Fundi wa vibao vya matangazo kule Kamalondo anasema atanikatia pleksi, ile plastiki ngumu kama kioo, kwa kipimo chochote nitakacho, kwa dola 50. Na shemeji yangu aliyeko Brussels anaweza kununua ya kampuni inayojulikana, ila wa kusafirisha mizigo wametaja bei ambayo karibu inazidi kitu chenyewe.

Yaya, nifanye namna gani? Na nani ana haki nyumbani kwetu?

Mfunga pampu, Kampemba

*

Mdogo wangu,

Nianze na la nyumbani, maana nadhani ndilo lililokufanya uandike. Bibi yako ana haki. Si haki yote, kwa sababu kuondoa parabrizi kabisa na kwenda Kolwezi na kifua wazi asubuhi ya Julai, wakati baridi ya Lubumbashi inashuka chini ya nyuzi 10, ni adhabu mtakayoilipa wote wawili. Lakini katika ubishi wenu yeye ndiye amesoma upepo sawasawa. Dawa ya pikipiki yako ni parabrizi fupi kuliko hiyo iliyopasuka.

Ushahidi umeuandika mwenyewe, kisha ukaupita. Ukisimama kwenye vikanyagio kichwa kinatulia. Kama upepo unaokutikisa ungekuwa ule unaokuja moja kwa moja kutoka mbele, ukisimama ungetikiswa zaidi, kwa kuwa umetoa kichwa na mabega yote nje. Umepata kelele nyingi na utulivu. Maana yake kule juu upepo unapita ukiwa umenyooka, na pale unapokaa, nyuma ya kioo, ndipo ulipovurugika.

Umeshavuka mto Lufira mara nyingi. Siku moja simama utazame maji yanapokutana na jiwe kubwa: mbele ya jiwe maji yanakuja sawa, pembeni yanapita kwa kasi, na nyuma yake yanazunguka, yanarudi, yanapigana. Kichwa chako kimekaa pale nyuma ya jiwe. Parabrizi inaposukuma upepo kando, nyuma yake panabaki mahali penye mgandamizo mdogo wa hewa, na hewa ya jirani inakimbilia kupajaza kutoka juu, kutoka pembeni, na hata kutoka nyuma ya pikipiki. Kioo kikiwa kikubwa na kimesimama wima, hilo shimo la hewa linakuwa kubwa vilevile. Ukiongeza urefu, unaongeza shimo.

Sasa vumbi la bibi yako linaeleweka. Pikipiki inatimua vumbi kwa nyuma, lile shimo la hewa linalivuta kuja mbele, na njiani linamkuta yeye kwanza. Wengine katika hali hiyo wanasikia kama mtu anawasukuma mgongoni kuelekea usukani. Jichunguze safari ijayo. Na makofi anayopigwa kushoto na kulia ni hewa ya pembeni inayorudi kukutana nyuma yako wewe. Aliyekaa nyuma haoni mbele, ni kweli, lakini upepo uliovurugika unamfikia yeye ukiwa umekomaa.

Kuna sababu nyingine ya kukataa kioo kirefu, na kwangu ina uzito kuliko shingo yako. Unaona barabara kupitia ndani ya kioo. Kiangazi unavumilia. Mvua ikianza kushika, Novemba, fikiria unatoka Likasi jioni, giza limeingia, makamyo yanakuja mbele na taa zao zote. Parabrizi ya pikipiki haina waipa. Kila tone linakuwa taa ndogo, na kila mkwaruzo wa vumbi la kiangazi unakuwa mstari wa mwanga. Kioo cha kaske unaweza kukipangusa kwa kidole cha glavu, au kukifungua kabisa. Hicho cha mbele huwezi kukifanya lolote, na huwezi kuchungulia juu yake kwa sababu kinakufika kwenye paji la uso. Utakuwa unaendesha kwa kukumbuka barabara, na ile barabara haikumbukiki, mashimo yanahama.

Kwa hiyo kanuni ninayoishika mimi: parabrizi ya pikipiki ya safari unatazama juu yake. Ukingo wa juu uwe kati ya mdomo na ncha ya pua yako, ukiwa umekaa kama unavyokaa safarini. Hapo upepo ulionyanyuliwa na kioo una nafasi ya kupita juu ya kaske au kuigusa tu kwenye paji, na macho yako yanabaki huru.

Kipimo hicho hakiko dukani. Kiko kwenye kiti chako, na kinapatikana kwa katoni. Toa kilichobaki cha parabrizi ya zamani, au acha kama kinashika, kisha bandika kipande cha katoni ngumu kwa skochi kikifuata mteremko uleule. Vaa koti, viatu vya safari na kaske. Pikipiki isimame kwa magurudumu yote mawili, mtu aishike mbele, na bibi yako apande nyuma. Hilo la bibi kupanda usiliruke: akikaa, nyuma inashuka, pua ya pikipiki inanyanyuka na parabrizi inalala zaidi, na wewe mwenyewe unasogea mbele kidogo. Halafu kaa vibaya. Watu wakipimwa wananyoosha mgongo kama wako kwa mpiga picha, kumbe baada ya saa nzima barabarani kila mtu amekwisha kuzama sentimita mbili tatu. Kata katoni kidogo kidogo mpaka uone lami ya mbele juu ya ukingo bila kunyanyua kidevu. Ukifika hapo, pima kwa futi laini ya fundi cherehani, ukifuata mteremko, kutoka kwenye mstari wa matundu ya chini mpaka ukingo wa juu. Andika. Wauzaji wengine wanapima kutoka ncha ya chini kabisa ambayo inafichika chini ya plastiki, wengine wanasema tu "sentimita kumi zaidi ya ya kiwanda". Uliza wamepima wapi kabla hujalipa.

Upana nao una kazi yake, tofauti na ya urefu. Urefu unahusu kichwa, upana unahusu mabega na mikono. Kama baridi na mvua ndivyo vinavyokusumbua, tafuta upana kidogo na vikinga mikono, usipande juu.

Sasa zile njia zako tatu.

Ile nyeusi ya Bel-Air iache, hata wakishusha mpaka dola 80. Kioo kinachofungwa kwenye usukani kinafaa pikipiki ndogo isiyo na bodi ya mbele, kwa mwendo wa mjini. Kwenye pikipiki yako upepo wote utakaokipiga utaingia kwenye usukani, na ukipita kamyo kwa kilomita 100 kwa saa, lile pigo la hewa la pembeni litageuza mikono yako kabla hujataka. Weusi wake peke yake haungenisumbua kama kioo kingekuwa kifupi, kwa kuwa usingetazama ndani yake. Kirefu na cheusi kwa pamoja, saa kumi na mbili na nusu jioni, hapana.

Fundi wa Kamalondo ni mtu wa kuheshimiwa na mikono yake ni mizuri, lakini nyenzo yake ndiyo shida. Pleksi ya vibao vya matangazo ni akriliki. Inang'aa vizuri, haigeuki manjano upesi kwa jua, na haikwaruziki ovyo. Ila ikipigwa na jiwe inavunjika vipande vyenye makali, na vipande hivyo viko mbele ya koo lako. Nakisia hata hiyo iliyopasuka ni akriliki. Angalia kile kipande kilichoanguka: kama kingo zake ni safi, zinang'aa na zinakata, ndiyo yenyewe. Polikaboneti, ile inayotengenezewa vioo vya kaske, ikipigwa hujikunja na kugeuka nyeupe mahali pa pigo kabla haijakubali kuachia. Pia ubao bapa hupindwa upande mmoja tu, kama karatasi, wakati parabrizi ya kiwanda imepewa umbo lake pande zote. Ukipinda ubao kwa nguvu na kuukaza kwa skrubu, unabaki na mvutano ndani yake, na ufa unaanza wenyewe kwenye tundu siku ya jua kali.

Kazi moja naweza kumpa fundi huyo leo, wakati unasubiri. Atoboe tundu la milimita 3 palepale ufa unapoishia, si milimita tano kabla. Ufa hukimbia kwa sababu ncha yake ni kali, na tundu la duara linaichukua ile ncha. Kisha utembee mjini polepole, bila bibi. Likasi isubiri.

Inabaki njia ya Brussels. Lakini kabla ya Brussels mpigie simu yule aliyekuuzia. Alitoa parabrizi ya kiwanda, iko wapi? Watu wanaobadilisha hawatupi, wanaiweka kwenye dari au nyuma ya kabati. V-Strom 650 ya 2012 ilitoka kiwandani na parabrizi inayoweza kuwekwa juu, katikati au chini kwa kuhamisha skrubu, na kwa mtu wa mita 1.68 sioni kwa nini nafasi mojawapo isikufae. Akiwa nayo, na akiitoa kwa bei ya rafiki, safu hii imekusaidia bila kukutuma Ulaya.

Kama hana, basi mwandikie shemeji, na umwandikie vizuri. Mwaka ni jambo la kwanza: umbo la mbele la V-Strom 650 lilibadilishwa 2012 na tena 2017, kwa hiyo parabrizi ya 2010 haiingii kwako, wala ya 2018. Aseme mwaka, asiridhike na jina la pikipiki tu. Pili, nyenzo. Puig ya Hispania hutumia akriliki ya milimita 3, nzuri kwa barabara za kule kwao. National Cycle ya Marekani hutumia polikaboneti yenye ngozi ngumu juu yake, na mtu anayetembea nyuma ya makamyo ya kobalti ndiye hasa aliyefikiriwa. Bila ile ngozi ngumu polikaboneti hukwaruzika upesi na jua huigeuza manjano, kwa hiyo asidanganywe na neno "polikaboneti" peke yake. National Cycle pia wana aina ambayo kingo zake za juu zimepindwa kwa nje, ili zile hewa zinazozunguka zisukumwe juu na kando ya kichwa. Wajerumani wa MRA wana nyingine yenye bawa dogo juu, linaloweza kuinuliwa na kulazwa. Nia yao ni moja: kioo kibaki kifupi, upepo upande zaidi. Wewe chagua fupi katika orodha yao, ile inayokaribia kipimo cha katoni yako, na ukiwa kati ya mbili, chukua ya chini. Fupi unaweza kuiongezea bawa la kubana juu. Ndefu utaikata kwa msumeno, na moyo wako utauma.

Kuhusu usafirishaji, hawakukuibia, walikupimia hewa. Parabrizi haifiki kilo mbili, lakini boksi lake ni kubwa, na mizigo ya ndege hulipwa kwa ukubwa pale ukubwa unapozidi uzito. Kampuni za haraka huzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, kisha hugawanya kwa 5000. Boksi la 60 kwa 50 kwa 20 linakuwa kilo 12. Mizigo ya kawaida ya ndege hugawanya kwa 6000, linakuwa kilo 10. Mwambie shemeji atoe kitu kwenye boksi la duka na atafute mtu anayekuja Lubumbashi na sanduku. Parabrizi fupi inaingia kwenye sanduku kubwa, ikiwa imezungushiwa nguo, upande uliobonyea ukijazwa fulana. Ndefu isingeingia.

Ikifika, uifunge mwenyewe au usimame juu ya fundi. Skrubu zipite kwenye vipira vyake na shashi za plastiki, vile visahani vyenye tundu, zikazwe kwa mkono, moja moja kwa kupokezana, na ziache nafasi ya plastiki kutanuka na joto. Fundi wengi wana pupa ya gundi ya kushikilia skrubu. Kwa injini ni sawa. Ikigusa polikaboneti inazalisha nyufa ndogo ndogo kuzunguka tundu, na utalaumu kiwanda. Mafuta ya breki yanafanya uharibifu wa aina hiyohiyo, na petroli pia, kwa hiyo ukinywesha pikipiki kwa kadafi, muuza petroli wa barabarani, chupa na mrija wake viwe upande wako, visipite juu ya kioo.

Halafu jaribu. Chagua sehemu iliyonyooka, asubuhi kabla upepo wa mchana haujaamka, kwanza peke yako. Kwa kilomita 90, inama sentimita chache, kisha jinyooshe, kisha inuka kidogo. Ukitulia ulipoinama, kioo kinahitaji kupanda hatua moja au bawa. Ukitulia ulipoinuka, bado kiko juu, kishushe au kilaze. Ukitikisika popote pale, tafuta hewa ya chini: nafasi ya vidole viwili kati ya kioo na bodi huingiza upepo kidogo nyuma yake na kulijaza lile shimo. Kuna vyuma vya kurekebisha, vya kampuni ya Madstad kwa mfano, vinavyoacha nafasi hiyo makusudi, lakini shashi nene kwenye skrubu za chini zinaweza kukuonyesha jibu kabla hujatumia pesa. Badilisha kitu kimoja kwa safari moja, la sivyo hutajua kipi kimekuponya.

Safari inayofuata panda na bibi, na alama atoe yeye. Nasema hivi bila utani. Wewe utakuwa umeshapenda kitu ulichokisubiri na kukilipia.

Usitegemee kimya. Parabrizi nzuri inaondoa kutikisika. Kelele ya upepo inabaki, na kwa kilomita 100 kwa saa ndani ya kaske inapita desibeli 90 kwa urahisi. Vizibo vya sponji vya masikio vinapatikana famasi, nunua viwili viwili, vyako na vyake. Na kaske yenyewe uiangalie: ukiishika kidevuni na kuizungusha, ngozi ya mashavu inatakiwa izunguke nayo. Ikiteleza, imelegea, na sehemu ya ule mtikisiko ulikuwa unatembea nao kichwani siku zote.

Kusafisha ni dakika mbili. Taulo la maji lilazwe juu ya kioo kwanza, wadudu na vumbi vilainike, kisha sabuni laini na kitambaa cha pamba. Kamwe usipanguse vumbi la Kolwezi likiwa kavu, na dawa za kusafishia madirisha zenye amonia ziache kwa madirisha.

Ukishapima katoni, niandikie namba mbili, urefu na upana, pamoja na jibu la yule aliyekuuzia. Kama parabrizi ya kiwanda iko kwake, usimlipe chochote mpaka umekagua matundu ya skrubu kwa jua: ukiona vistari vyembamba vinavyotoka kwenye tundu kama miale, mrudishie.

Yaya